Skrini ya Simuleta: Utulivu Kwanza, Kasi Baadaye

Katika simuleta ya ndege, safari kutoka uwanja wa Luano, Lubumbashi, hadi Pweto ni takriban kilomita 375 kwa mstari ulionyooka. Rubani anashika uelekeo wa kaskazini ulioegemea mashariki kidogo, anavuka nyanda za juu za Kundelungu, ambako maporomoko ya Lofoi hushuka zaidi ya mita 300, kisha analikuta Ziwa Mweru na kulifuata hadi Pweto, pale mto Luvua unapotoka ziwani. Kwa Cessna 172 safari hiyo haifiki saa mbili. Simuleta za X-Plane na FlightGear zinaitambua Luano kwa herufi zake nne, FZQA, na FlightGear hupatikana bure.

Wengi wanaojaribu safari kama hii hawapati shida wakiwa juu angani. Shida huja wakati wa kutua. Njia ya ndege inasogea kwa mishtuko, upeo wa macho unachanika katikati ya skrini, na magurudumu yanagusa ardhi kabla mkono haujawahi kurekebisha. Kinachofuata ni kwenda dukani kununua skrini yenye namba kubwa zaidi ya Hz. Mara nyingi mtu anarudi nyumbani na skrini mpya, na mishtuko inabaki ileile.

Makala haya yamekusudiwa kumwokolea fedha msomaji wa Lubumbashi, Pweto na kwingineko anayetaka kuruka, kuendesha gari la mashindano au lori kwenye kompyuta. Ushauri mkuu ni mmoja: kwenye simuleta, tafuta kwanza picha zinazofuatana kwa vipindi vilivyo sawa, ndipo utafute kasi. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na hilo.

Hz ni za skrini, fremu ni za kompyuta

Kuna namba mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni fremu kwa sekunde, yaani idadi ya picha ambazo kompyuta inaweza kuzitengeneza katika sekunde moja. Ya pili ni Hz, yaani mara ngapi skrini inaonyesha picha upya katika sekunde hiyohiyo. Skrini ya 60 Hz huonyesha picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7. Ya 100 Hz, kila milisekunde 10. Ya 144 Hz, kila milisekunde 6.9. Ya 240 Hz, kila milisekunde 4.2.

Skrini haitengenezi picha, inaonyesha tu inacholetewa. Kompyuta inayotoa fremu 40 kwa sekunde itaendelea kutoa 40 hata ukiiunganisha na skrini ya 240 Hz. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza si skrini ipi ina kasi zaidi, bali kompyuta yangu inatoa fremu ngapi katika mchezo ninaoucheza.

Kuna pia imani kwamba jicho la binadamu haliwezi kuona zaidi ya picha 24 au 30 kwa sekunde. Si kweli. Filamu za sinema hutumia picha 24 na tunaziona zikienda, lakini mtu akiangalia gari la mashindano kwa fremu 30 kisha 60 kisha 120, atatambua tofauti bila kufundishwa. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo faida inavyopungua: kutoka 60 hadi 120 unaokoa milisekunde 8.3 kwa kila picha, kutoka 120 hadi 240 unaokoa 4.2 tu.

Jambo jingine linalohitaji kuwekwa wazi hapa kwetu: umeme wa majumbani Kongo ni wa 50 Hz, lakini namba hiyo haihusiani na Hz za skrini. Skrini za kisasa hupokea umeme wa volti 100 hadi 240, wa 50 au 60 Hz, na kuugeuza zenyewe. Skrini ya 144 Hz itafanya kazi yake yote Lubumbashi sawasawa na inavyofanya Johannesburg au Brussels.

Anza na mchezo unaoucheza

Simuleta hazilingani. Gari la mashindano linalokwenda kilomita 200 kwa saa hupita karibu mita 56 kila sekunde. Kwa picha 60 kwa sekunde, gari husogea sentimita 93 kati ya picha moja na nyingine. Kwa picha 144, sentimita 39. Dereva anayetafuta pointi ya kufunga breki kwenye mchezo wa Assetto Corsa anaihisi tofauti hiyo mikononi, kwa hiyo mbio za magari ndizo zinazofaidika zaidi na skrini ya 120 Hz au 144 Hz.

Ndege ndogo inayotua kwa kilomita 120 kwa saa hupita mita 33 kwa sekunde, lakini ardhi iko mbali na rubani, hivyo mabadiliko kwenye skrini ni madogo. Simuleta za ndege pia huibebesha prosesa kazi kubwa mno: mawingu, milima, majengo, hali ya hewa na mitambo yote ya ndege huhesabiwa kwa pamoja. Hata kompyuta nzuri huonekana ikitoa fremu 30 hadi 60 juu ya mji mkubwa. Kwa rubani wa nyumbani, fremu 40 zisizotetereka zinatosha. Anayegeuza kichwa cha kamera haraka kutazama mabawa na upande wa uwanja ndiye atakayetamani zaidi ya hapo.

Malori, kama yale ya Euro Truck Simulator 2 iliyotoka mwaka 2012, yako katikati. Fremu 60 zinatosha, na kompyuta ya miaka mingi iliyopita huziweza. Vijana wa Haut-Katanga wanaotamani kazi za migodini wajue pia kwamba simuleta ni jambo zito katika sekta hiyo: kampuni ya ThoroughTec ya Afrika Kusini na Immersive Technologies ya Australia hutengeneza simuleta za kufundishia madereva wa malori makubwa na mashine za migodi. Mchezo wa nyumbani hauwezi kuchukua nafasi ya mafunzo hayo, ila unazoesha macho na mikono kutii vipimo.

Kabla ya kununua chochote, pima. Steam ina kihesabu cha fremu, na X-Plane pia ina chake ndani ya mchezo. Kiwashe, kisha ucheze mahali pazito: kutua kwenye mji wenye majengo mengi, au mwanzo wa mbio magari yote yakiwa mbele yako. Andika namba ya chini kabisa unayoiona mara kwa mara, usiandike ya juu. Hiyo ya chini ndiyo itakayokuongoza.

Kwa nini fremu 40 hushtuka kwenye skrini ya 60 Hz

Tuchukue kompyuta inayotoa fremu 40 wakati ndege inashuka kuelekea Pweto, na skrini ni ya 60 Hz. Skrini hubadilisha picha kila milisekunde 16.7, lakini fremu mpya huwa tayari kila milisekunde 25. Hesabu haziingiliani. Fremu ya kwanza itaonyeshwa mara mbili, ya pili mara moja, ya tatu mara mbili, ya nne mara moja. Moja inakaa milisekunde 33, inayofuata inakaa 17. Fremu ni 40 kweli, lakini jicho linaona mwendo unaochechemea, kama mpiga ngoma aliyepoteza mapigo.

Ukizima ulinganishaji, yaani V-Sync, kompyuta hutuma picha wakati wowote hata skrini ikiwa katikati ya kuchora. Hapo ndipo picha huchanika: nusu ya juu ni ya fremu ya zamani, nusu ya chini ni ya mpya, na upeo wa macho unakatika vipande viwili.

Njia ya kwanza ya kuponya ugonjwa huu haigharimu hata faranga moja. Weka kikomo cha fremu kinachogawanya Hz za skrini bila baki. Kwenye skrini ya 60 Hz, weka 30: kila fremu itaonyeshwa mara mbili kamili. Kwenye 120 Hz unaweza kuweka 60, 40 au 30. Kwenye 144 Hz weka 72, 48 au 36. Kwenye 100 Hz weka 50. Kwa mwenye kompyuta ya fremu 40, skrini ya 120 Hz ni nafuu kubwa, maana kila fremu hupata mizunguko mitatu sawasawa. Kompyuta haijaongezeka nguvu hata kidogo, ila mwendo umetulia.

Kikomo kiwe chini kidogo ya uwezo wa kompyuta. Mashine inayofikia 45 kwa shida isilazimishwe 48. Iwekewe 40 kwenye skrini ya 120 Hz au 36 kwenye ya 144 Hz, ibaki na pumzi kwa ajili ya mawingu mazito na uwanja wenye majengo.

Kasi inayobadilika, na mipaka yake

Njia ya pili ni skrini inayokubali kuisubiri kompyuta. Badala ya kubadilisha picha kwa kipindi kisichobadilika, inabadilisha pale fremu mpya inapokuwa tayari. Nvidia ilitangaza teknolojia yake ya G-Sync mwaka 2013. Mwaka 2014 shirika la viwango la VESA liliingiza Adaptive-Sync katika kiwango cha DisplayPort, na AMD ikaijenga FreeSync juu yake. Tangu Januari 2019, kadi za Nvidia kuanzia kizazi cha GTX 10 nazo zinaweza kutumia skrini za Adaptive-Sync kupitia DisplayPort. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba skrini ya kawaida ya FreeSync leo inafaa kwa kadi nyingi za kampuni zote mbili.

Kwa simuleta, hiki ndicho kifaa cha thamani kuliko Hz nyingi. Lakini kina masharti ambayo tangazo dukani halitakusomea. Kila skrini ina mipaka ambamo inaweza kusubiri, kwa mfano kutoka 48 hadi 144 Hz. Fremu zikishuka chini ya 48, programu ya kadi huirudia kila fremu mara mbili: fremu 35 zinaonyeshwa kama 70, namba iliyo ndani ya mipaka, na mwendo unabaki laini.

Sasa tazama skrini yenye mipaka ya 48 hadi 75. Kompyuta ikishuka hadi fremu 40, kuzirudia mara mbili kunatoa 80, ambayo imepita 75. Msaada unakatika, na mishtuko au kuchanika kunarudi palepale unapohitaji utulivu, yaani wakati wa kutua. Kanuni ya kukumbuka ni hii: mpaka wa juu uwe angalau mara mbili ya mpaka wa chini, na ukizidi hapo ni bora zaidi. Skrini ya 48 hadi 100 inapita mtihani huu kwa shida, ya 48 hadi 144 inapita vizuri, ya 48 hadi 75 haipiti. Kwa mpenzi wa simuleta za ndege, mstari huu mmoja wa maelezo una uzito kuliko maandishi makubwa yote yaliyo kwenye boksi.

Pikseli ni mzigo kwa kadi ya picha

Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2.07. Ya 2560 kwa 1440 ina milioni 3.69. Ya 3840 kwa 2160, inayoitwa 4K, ina milioni 8.29, mara nne ya ile ya kwanza. Kila pikseli ni kazi kwa kadi ya picha. Anayehama kutoka 1080 kwenda 4K na kadi ileile asishangae fremu zake zikiporomoka.

Pikseli zina faida yake: saa na vipimo vya ndege husomeka bila kusogeza kamera karibu. Kwa hiyo kwa ndege, 1440 kwenye inchi 27 ni chaguo zuri kwa mwenye kadi ya kati. Kwa kadi ndogo au kompyuta ya mkononi, baki kwenye 1080 na inchi 24. Skrini tatu za 1080 zilizopangwa kuzunguka dereva zina jumla ya pikseli milioni 6.22, karibu na mzigo wa 4K. Anayetaka mpangilio huo anunue tatu za modeli moja na Hz sawa, na ajue kwamba kadi kubwa ya picha inatangulia.

Paneli: IPS, VA, TN na OLED

IPS huonyesha rangi vizuri hata ukiangalia kwa pembeni, na mwitikio wake ni mzuri. Kwa watu wengi ndiyo chaguo salama. VA ina weusi wa kina, inapendeza kwa kuruka usiku, lakini katika modeli nyingi za bei nafuu vitu vyeusi huacha mkia vinaposogea. TN ina kasi, ila rangi hubadilika ukiinua au kushusha kichwa. OLED ina picha nzuri na kasi kubwa kuliko zote, lakini ni ghali, na simuleta huiweka hatarini: dashibodi na saa za ndege husimama mahali pamoja kwa saa nyingi, na picha isiyosogea inaweza kuacha alama ya kudumu.

Namba ya "1 ms" iliyoandikwa kwenye boksi isikutishe wala kukuvutia kupita kiasi. Mara nyingi hupimwa katika mpangilio mkali ambao huacha vivuli vya ajabu nyuma ya vitu vinavyosogea. Ndani ya menyu ya skrini kuna kipengele cha kuharakisha mwitikio. Kiache katikati.

Ukubwa wa skrini na mahali pa kiti

Kinachompa dereva hisia ya kuwa ndani ya gari ni upana wa pembe ambayo skrini inaijaza machoni pake. Skrini ya inchi 24 ikiwa sentimita 60 kutoka machoni hujaza takriban digrii 48. Ya inchi 27 kwa umbali huohuo hujaza 53, na ya inchi 32 hujaza 61. Ile ya inchi 24 ukiisogeza hadi sentimita 90, unabaki na digrii 33 tu.

Kabla ya kulipia skrini kubwa, jaribu kuisogeza uliyonayo karibu zaidi, nyuma tu ya usukani. Kisha ingiza pembe hiyo kwenye mipangilio ya mchezo. Kona zitaonekana kwa ukubwa wake halisi, na utajua kasi yako bila kutazama saa.

Vipi televisheni ya sebuleni?

Inafaa kuanzia, kwa masharti matatu. Kwanza, hakiki pikseli zake: televisheni nyingi za inchi 32 ni za 1366 kwa 768, na vipimo vya ndege havitasomeka. Pili, washa mpangilio wa michezo, maana bila huo televisheni huikarabati picha kwanza ndipo iionyeshe, na amri za usukani zinachelewa. Tatu, usiamini namba kubwa za mwendo zilizobandikwa pembeni. Televisheni inayojitangaza kwa 200 au 400 mara nyingi ina paneli ya 50 au 60 Hz, na iliyobaki ni picha za kubuni zinazoongezwa katikati.

Waya unaoweza kuharibu kila kitu

Skrini nzuri kwenye waya mbovu hubaki 60 Hz. HDMI 1.4 hufikisha 120 Hz kwa 1080, lakini 4K kwa 30 Hz tu. HDMI 2.0 hufikisha 144 Hz kwa 1440, na 4K kwa 60 Hz. DisplayPort 1.2 huweza 144 Hz kwa 1440, na DisplayPort 1.4 huweza 4K kwa 120 Hz. HDMI 2.1 hufika 4K kwa 120 Hz na zaidi.

Kwa kompyuta ya mezani, tumia DisplayPort kila inapowezekana, na uchomeke kwenye kadi ya picha, usichomeke kwenye tundu la ubao mama lililo juu yake. Kwa kompyuta ya mkononi, tazama kama tundu la USB-C linabeba DisplayPort. Epuka vibadilishi vya bei rahisi kati ya aina mbili za waya: vingi vinagota kwenye 60 Hz na kuondoa kabisa kasi inayobadilika.

Umeme, betri na njia ya Pweto

Skrini ya LED ya inchi 24 hutumia takriban wati 20 hadi 30. Inchi 27 ya Hz nyingi, wati 30 hadi 50. Mlaji mkubwa ni kompyuta: ya mezani inaweza kula wati 300 ikiwa kazini, ya mkononi ya michezo karibu 130. Kuweka kikomo cha fremu kunapunguza ulaji huo, kwa sababu kadi haitengenezi picha zisizohitajika.

Kwa anayeishi kwa umeme wa jua, hesabu ni hii. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 200 ina Wh 2,400, na ili idumu, tumia nusu tu, yaani 1,200. Kompyuta ya mkononi pamoja na skrini ni wati 155, na ukijumlisha upotevu wa inveta inakaribia 180. Unapata zaidi ya saa sita, za kwenda Pweto na kurudi Luano na akiba kubaki. Kompyuta ya mezani na skrini kwa wati 330 zinakupa kama saa tatu. Inveta iwe ya wimbi safi, kwa kuwa zile za wimbi la ngazi huweza kuisumbua pawa saplai ya kompyuta.

Mvua za Novemba hadi Aprili huja na radi. Mvumo wa radi ukisikika, chomoa waya wa umeme ukutani, usitosheke na kuzima swichi. Umeme unapokatika na kurudi, subiri utulie ndipo uwashe. Kiangazi, vumbi jekundu huziba matundu ya kupoozea, na kompyuta yenye joto hupunguza kasi yenyewe, fremu zikashuka na lawama ikaiangukia skrini.

Skrini inayosafirishwa kwa barabara ya Kasomeno na Kilwa isafiri ndani ya boksi lake la asili, ikiwa imesimama, isilazwe, na kisiwekwe chochote kinachoelemea uso wake. Ukimwagiza mtu Lubumbashi, mwambie asiruhusu boksi kufunguliwa na kutupwa ili kupunguza mzigo.

Dukani, kabla ya kulipa

Nenda na kompyuta yako ya mkononi na waya wako. Mwombe muuzaji kwa heshima: "Papa, naomba tuiwashe kwanza niione." Muuzaji mwaminifu hatakataa. Kisha hakikisha haya:

- Andika modeli kamili iliyo nyuma ya skrini, si jina la kampuni tu. Modeli mbili zinazofanana kwa umbo zinaweza kutofautiana kwa paneli na Hz.
- Fungua mipangilio ya Windows, sehemu ya skrini, kisha mipangilio ya kina, uone Hz zinazokubalika kweli.
- Fungua menyu ya skrini yenyewe, utafute FreeSync au Adaptive-Sync. Uliza au tafuta mipaka yake.
- Weka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Pikseli zilizokufa na madoa ya shinikizo hujitokeza hapo.
- Kama ni skrini iliyotumika, iache ikiwaka angalau dakika kumi na tano. Ubovu wa taa za nyuma huonekana ikishapata moto.
- Angalia adapta ya umeme. Skrini nyingi hutumia adapta ya nje ya volti 12 au 19, na ikikosekana au ikiwa si yake, usinunue kwa ahadi kwamba utaipata mbele ya safari.

Nyumbani, siku ya kwanza

Windows mara nyingi huanza na 60 Hz hata kwenye skrini ya 144 Hz. Rudi kwenye mipangilio ileile ya kina, uchague namba ya juu. Washa kasi inayobadilika mahali pawili: ndani ya menyu ya skrini, na ndani ya programu ya kadi ya picha. Weka kikomo cha fremu kilicho chini kidogo ya Hz za skrini, kwa mfano 141 kwenye 144 Hz. Kama mashine ni dhaifu, weka kikomo kinachogawanya Hz za skrini bila baki kama ilivyoelezwa juu. Mwisho, punguza mawingu, vivuli na idadi ya magari au majengo kabla ya kupunguza ubora wa picha nzima, maana hivyo ndivyo vinavyoielemea mashine zaidi.

Macho nayo yapewe haki yake. Kila baada ya dakika ishirini, tazama kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde ishirini. Chumba kisiwe giza totoro. Mtoto au mtu mzima mwenye historia ya kifafa kinachochochewa na mwanga unaomweka asicheze bila ushauri wa daktari.

Nani anunue nini

Mwenye kompyuta inayotoa fremu 30 hadi 50 kwenye simuleta ya ndege: skrini ya inchi 24, 1080, IPS, yenye mipaka ya 48 hadi 100 au zaidi. Akipata ya 120 au 144 Hz kwa tofauti ndogo ya bei, achukue hiyo. Mwenye kadi ya kati anayechanganya ndege na magari: inchi 27, 1440, IPS, 144 Hz, kwa waya wa DisplayPort. Dereva wa mbio tu: 1080 au 1440, 144 Hz na kuendelea, ikiwa karibu na usukani kadiri meza inavyoruhusu. Mwenye 60 Hz nzuri na bajeti ndogo: abaki nayo, aweke kikomo cha 30 au 60, na fedha zake azielekeze kwenye RAM, kadi ya picha au betri.

Ndugu msomaji, kabla hujatoa dola zako, washa kihesabu cha fremu usiku wa leo, tua mara moja kwenye uwanja mzito kuliko vyote unavyovijua, na uandike namba ya chini kabisa utakayoiona. Nenda nayo dukani. Skrini inayoendana na namba hiyo ndiyo yako, hata kama iliyo kando yake ina Hz nyingi zaidi.